Namna ya kuweka daftari la vitabu unavyosoma, likakusaidia kweli

Watu wengi ninaokutana nao hapa Moshi wanaopenda kusoma wana kilio kimoja, kwamba kitabu alikisoma, alikipenda, akawasimulia watu wiki nzima, alafu mwaka ukipita ukimuuliza kilikuwa kinahusu nini anakwambia kilikuwa kizuri sana, basi. Kizuri kivipi? Hakumbuki. Mimi naamini kabisa hapo shida sio kichwa, shida ni kwamba hakuna mahali alipoandika yeye mwenyewe alikuwa anawaza nini wakati anasoma. Kitabu kipo, ukitaka unakirudia hata kesho, ila zile fikra zako za siku ile, kwa umri ule na mambo uliyokuwa unapitia, hizo hazipo kwingine kokote kama hukuziandika. Kwa hiyo nitaeleza hapa ninavyofanya, kwa mtu ambaye hana muda mwingi wala hela ya mambo makubwa.

Na niseme mapema kabisa kitu ambacho kwangu ndo roho ya shughuli yote: usiandike muhtasari. Muhtasari wa kitabu chochote cha maana unaupata, upo kwenye vitini vya wanafunzi, upo mtandaoni, kuna mtu kashauandika vizuri kuliko utakavyouandika wewe saa nne usiku umechoka. Andika umekubali wapi, umegoma wapi, umeumia wapi, kimekukumbusha nani, na swali gani limekubakia. Hivyo hakuna mtu mwingine anayeweza kukuandikia.

Daftari lenyewe

Nenda stationari yoyote pale mjini uombe kauntabuku ya kwaya mbili. Kwaya moja ni kurasa 96, mbili ni 192, tatu ni 288. Ya kwaya moja inaisha kabla hujazoea, ya tatu ni nzito, ukishaanza kuiacha nyumbani kwa sababu ya uzito ndo mwisho wa mazoea. Kauntabuku nzuri kwa sababu ina jalada gumu, unaandikia mapajani hata ukiwa kwenye Coaster ya kwenda Arusha, na karatasi zimeshonwa, hazichomoki kama za daftari la springi. Yale madaftari ya urembo yenye maandishi ya dhahabu siyashauri, mtu akishanunua daftari la bei anaogopa kulichafua, anasubiri mpaka apate wazo la maana, na mawazo ya maana yanakuja yakiwa yamechafuka.

Kalamu tumia biki ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, maji yakiugusa hautawanyiki, wakati kalamu za jeli nyingi wino wake ni wa maji na sisi huku masika tunayajua, mvua ya Aprili ikikukuta Rau unasubiri bodaboda na begi la kitambaa, ukurasa mzima unageuka ziwa. Daftari likae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, na nyumbani lisigusane na ukuta kwa sababu ya unyevu na mchwa.

Kabla hujaandika chochote, piga namba za kurasa zote. Inachosha lakini unafanya mara moja tu, na bila namba mambo ya faharasa, yaani orodha ya kukuonyesha jambo fulani lipo ukurasa gani, nitakayoyaeleza huko chini hayawezekani. Alafu ruka kurasa nne za mwanzo, ziache wazi kabisa, na kurasa mbili zinazofuata ziwe za orodha ya vitabu: jina la kitabu, mwandishi, umekianza lini, umekimaliza lini au umekiacha ukurasa wa ngapi, na umekitoa wapi. Hicho cha mwisho watu wanakidharau. Mimi naandika "maktaba ya mkoa", "mitumba Kiborloni", "kwa dada", na kama nimeazima naandika ahadi ya kurudisha, maana vitabu vingi vya watu vinapotea hivi hivi tu, sio wizi, ni usahaulifu, na mtu akikupa kitabu chake amekuamini.

Vitabu ulivyoviacha njiani na vyenyewe viandike. Mstari mmoja unatosha: kwa nini umekiacha. Ukishakuwa na vya namna hiyo kadhaa unaanza kuona unachoshwa na nini, na hiyo inakuokolea hela siku ukisimama mbele ya muuza vitabu.

Wakati unasoma

Hapa usijitwishe mzigo. Mtu akisema kila ukurasa nitasimama niandike, hatamaliza sura ya pili. Kata vipande vya karatasi, vya upana wa kidole, viweke ndani ya jalada la kitabu, ukifika sehemu iliyokugusa chomeka kipande, endelea. Kama kitabu ni chako piga mstari kwa penseli. Kama ni cha maktaba au cha mtu, jamani, hata penseli hapana, kuna mtu anakuja nyuma yako na ana haki ya kukisoma bila kelele zako.

Kama unasoma kwenye simu, jua kwamba namba za kurasa kwenye vitabu vingi vya simu zinabadilika ukikuza au ukipunguza maandishi, kwa hiyo usiandike ukurasa wa 112 ukadhani utaurudia. Andika sura ya ngapi na maneno matatu ya mwanzo ya aya. Baadae unayatafuta kwenye simu yanakuja yenyewe. PDF haina shida hiyo, kurasa zake hazisogei.

Na kama uko kwenye daladala umebanwa hata mkono hauinuki, WhatsApp unaweza kujitumia meseji mwenyewe, andika hapo neno moja mawili, au jirekodi sauti ukishashuka. Ila hiyo ni sehemu ya kupumzishia tu, lazima uihamishie kwenye daftari ndani ya siku mbili tatu. Nimeona watu wana meseji za kujitumia mia kadhaa, "ukurasa 40, yule mama", na hawajui tena yule mama ni nani.

Sasa kuandika

Funga kitabu. Nasema kifunge kweli, kiweke mbali, alafu ndo uchukue biki. Andika unachokumbuka na unachowaza bila kuchungulia. Ukimaliza ndo ufungue, uende kwenye vile vipande vya karatasi, urekebishe ulipokosea, uongeze nukuu na namba za kurasa.

Sababu sio ushamba wangu tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wakawapa maandishi wasome, kundi moja likayasoma tena na tena, jingine likasoma alafu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka, wale walioandika kwa kukumbuka ndo waliokuwa wamebaki na vitu vingi kichwani. Kwa hiyo lile zoezi la kukuna kichwa, unajua kabisa kulikuwa na kitu lakini hakiji, unakitafuta, hilo ndo linalokipigilia misumari kile kitu kikae. Kunakili kutoka kitabuni hakukupi hiyo kazi, mkono unatembea akili imelala.

Kitu kingine ambacho sina mzaha nacho ni alama za kunukuu. Maneno ya mwandishi yaweke ndani ya alama, na namba ya ukurasa hapo hapo, maneno yako yaache bila alama. Miaka ikipita unasoma daftari lako unakuta sentensi tamu na hujui ni yako au ya mwenye kitabu, na ukienda kuitumia kwenye hotuba ya harusi au kwenye kazi ya chuo ukasema ni yako, hapo umeshamwibia mtu.

Mfano, ili nisiongee hewani. Hiki ni kipande kutoka kwenye daftari langu, nimekiacha kama kilivyo:

"Kusadikika, Shaaban Robert, 1951. Mara ya pili. Nilichokumbuka: Karama anashtakiwa, Majivuno ndo mshtaki, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Niliposoma shuleni tuliambiwa ni habari ya uongozi mbaya nikaandika hivyo kwenye mtihani. Leo kinachonisumbua ni kingine. Nchi inamtuma mtu akatafute jambo jema, anateseka njiani, analileta, inamfunga. Kwa nini watu wanamtuma mtu kutafuta jibu ambalo hawalitaki? Hata kwenye vikao vya ukoo tunafanya hivi, tunamwambia kijana aliyesoma atushauri kuhusu shamba, akishauri anaambiwa ana kiburi. SWALI: wa pili yake alijua kilichompata wa kwanza, kwa nini alienda? MANENO: haki, woga, kutumwa."

Ona kwamba hakuna masimulizi marefu ya hadithi, kuna mistari miwili tu ya kunikumbusha, alafu inakuja kazi. Kuna swali ambalo sijalijibu. Na mwisho kuna MANENO, yaani vichwa ambavyo nitavipeleka kwenye faharasa.

Swali lipe uzito mkubwa kuliko jibu. Kwenye kijitabu kimoja cha utalii nilisoma kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, nikaandika tu: nani aliwaonyesha njia, nani alibeba chakula, walilipwa nini? Kijitabu kilikuwa kimya. Ila kwa sababu swali lilikuwa limeandikwa na lina ukurasa wake, kila nikikutana na habari za mlima narudi pale naongeza, na pale sasa lipo jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anayetajwa kuwa aliwaongoza, zipo na habari za wapagazi, mpaka ukurasa umejaa nimehamia mwingine. Swali moja limenisomesha vitabu ambavyo nisingevigusa.

Faharasa, hapa ndo penye utajiri

Daftari bila faharasa ni gunia la mahindi yaliyochanganyika na maharage, kila kitu kimo na hupati unachokitaka. Zile kurasa nne ulizoacha wazi mwanzoni ndo kazi yake hii.

Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke alikuwa na njia yake ya kupanga daftari la namna hii, akaichapisha mwaka 1686 kwa Kifaransa, na ni nyepesi ajabu. Kila jambo unalolitunza unalipa neno moja la kichwa, alafu unaangalia herufi ya kwanza ya neno hilo na irabu ya kwanza inayofuata. Yani neno "haki" ni H na a. "Ndoa" ni N na o. "Elimu" ni E na i. Kwenye faharasa kila herufi ina mistari mitano ya a, e, i, o, u, na kwenye mstari unaandika namba za kurasa tu. Ukitaka habari za haki unaenda H, mstari wa a, unakuta 14, 37, 90, unafungua.

Sasa ukiichukua hivyo hivyo kwa Kiswahili utakwama, na hili nataka ulishike vizuri. Mambo tunayoyawaza kwenye vitabu mengi kwetu yanaanza na U: uongozi, umaskini, upendo, urafiki, ukoloni, utumwa, uzazi. Herufi U itafurika na nyingine zitabaki tupu. Na watu wote wako kwenye M. Dawa yake, ng'oa kiambishi cha mbele, tumia kinachobaki. Upendo peleka P-e. Umaskini M-a. Ukoloni na mkoloni vyote K-o. Utumwa na mtumwa T-u. Uongozi na kiongozi O-o. Kifo na kufa weka F-a kwa kutumia kitenzi chenyewe. Uzuri wa hii ni kwamba vitu vya ukoo mmoja vinakutana vyenyewe, mzazi, uzazi na kizazi vyote vinaangukia Z-a, na mimi nimewahi kufungua kurasa za huo mstari nikakuta riwaya, kitabu cha dini na kitabu cha kilimo vinaongea jambo lile lile kuhusu kuwaachia watoto ardhi. Hiyo sikuipanga, imejitokeza.

Kiswahili hakitumii Q wala X, na C inakuja na h, kwa hiyo una herufi 24 ukihesabu Ch kama moja. Mara mistari mitano ni mistari 120. Kurasa nne, kila ukurasa herufi sita, mistari 30, inakaa vizuri kwenye kauntabuku kubwa. Chora kwa rula, jioni moja imeisha. Kwa maneno ambayo huna uhakika yakae wapi, chagua sehemu moja uiheshimu siku zote, hakuna polisi wa faharasa, kinachotakiwa ni wewe kesho ulipate.

Vichwa usivizidishe. Viwili au vitatu kwa kila kitabu unapoanza. Mtu akiweka vichwa kumi na tano kwa kitabu kimoja amerudi kulekule kwenye gunia.

Acha nafasi ya sauti za wengine

Ukurasa wa kulia andika yako, wa kushoto uache wazi. Unaonekana unapoteza karatasi, lakini ule ukurasa wazi ndo unaokuja kuwa wa thamani. Hapo unaandika ukibadilisha mawazo, ukisoma mara ya pili, tumia biki ya rangi nyingine na uweke tarehe, usifute ya zamani hata kama leo huikubali.

Na hapo unaandika watu walichosema. Nilikuwa nasoma habari za ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, jinsi wakulima walivyoanzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU, ule ushirika mkuu wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaja mwaka 1933, nikaenda na kitabu Kibosho nikamwambia babu, "Shikamoo babu, nikusomee?" Akasema "Marahaba, soma polepole." Nikasoma sura nzima. Akanieleza walivyokuwa wanabeba magunia kichwani mpaka chama cha msingi, na namna nyumba nzima ilivyokuwa inasubiri malipo ya pili ndo ada za shule zilipwe. Bibi akadakia kutoka jikoni, "Mwambie aandike na sisi tuliokuwa tunazungusha ile mashine ya kumenya kahawa mpaka usiku, hicho kitabu chake kimetutaja?" Hakikuwa kimewataja. Nimeyaandika yote ukurasa wa kushoto, kwa maneno yao, na tarehe, na leo ukiniuliza nikuazime kitabu au daftari, kitabu nitakuazima.

Kwa hiyo soma kwa sauti kwa watu wako. Wengi wa wazee wetu macho yamechoka lakini kumbukumbu ipo, na kitabu kinawafungua mdomo kuliko ukienda kuwauliza maswali makavu.

Kuhusu siri: kuna vitabu vinakugusa kwenye ndoa, kwenye msiba, kwenye ugomvi na ndugu. Andika ukweli wote, ila majina ya watu tumia herufi moja tu, na daftari lisikae sebuleni. Ukianza kuandika ukiwaza nani atasoma, utaanza kujipamba, na daftari linakufa pole pole.

Muda wake ni mdogo kuliko unavyofikiri. Nusu saa Jumapili baada ya ibada inatosha kwa wiki nzima kama vile vipande vya karatasi vimekaa mahali pake. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mpya kwa simu uzihifadhi kwenye barua pepe yako au Google Drive, simu inaibiwa na daftari linaweza kuungua, vyote viwili kwa pamoja sio rahisi. Piga picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, umeme ukikatika usiku na tochi ya simu picha inatoka na kivuli.

Na daftari likijaa, usihamishe faharasa nzima kwenye jipya, utachoka uache. Lipe la kwanza namba I kwenye mgongo, kwa karatasi na gundi, la pili namba II, kila moja libaki na faharasa yake. Ukiwa kwenye la pili na wazo linarudi kwenye jambo la daftari la kwanza, andika tu "I:37" pembeni, na uende kwenye daftari la kwanza ukurasa wa 37 uandike "II:12" ule upande wa kushoto.